Paka wa Paa la Saba

Kazi ya Thuwaini ilikuwa kuzeesha vitu, na katika kazi hiyo hakuwa na mshindani Mji Mkongwe mzima. Kasha lililotoka kwa seremala Jumatatu, bado linanuka maranda, likishaingia ua wa nyuma ya duka lake pale Hurumzi, baada ya wiki mbili lina miaka mia. Alilipaka chai nzito, akalirudia kwa kahawa, akalifukiza kwa makumbi ya nazi yaliyonyunyiziwa karafuu, akalichapa mnyororo hapa na pale. Mwisho akalitungia hadithi. Hadithi ndiyo iliyouza: mara kasha la binti wa liwali, mara la tajiri aliyefia Hadhramaut. Wanunuzi walitoka dukani wakilipapasa kama mtoto mchanga.

Mimi naitwa Ubwa, fundi redio. Wakati huo kibanda changu kilikuwa Mchangani, na Thuwaini nilikuwa naye tangu chuo cha Kurani, tukichapwa bakora moja. Nayasimulia haya kwa sababu nilikuwa katikati yake na mkewe. Mume alinijia na shida yake, mke akaniita kwa siri, na wote wawili niliwaambia, "Haya."

Ilikuwa Julai ya mwaka 2004. Thuwaini alikuwa amenunua vitu vya stoo nzima katika nyumba moja ya Sokomuhogo: saa ya ukutani isiyo na mishale, makabati mawili, masinia ya shaba. Chini ya vyote hivyo palikuwa na sanduku la kadibodi. Ndani mlikuwa na kompyuta ya nyumbani ya zile za miaka ya themanini, ambazo kibodi ndiyo kompyuta yenyewe, bapa na nene kama kitabu cha hesabu za serikali. Juu ya kila kibonyezo herufi ya Kiarabu na ya Kizungu zimekaa ubavu kwa ubavu. Pamoja nayo kaseti kumi na moja. Kijana wa nyumba ile aliileta kutoka Maskati mwaka 1988, akaicheza, akaenda zake masomoni, na mama yake akaisukuma chini ya kitanda. Ilipotoka huko ilikuwa na rangi ya jino la mvuta tumbaku.

Thuwaini hakujua aifanyie nini. Akaiweka chini, izuie mlango wa duka usijigonge kwa upepo.

Hapo mlangoni ndipo Ammar alipoikuta. Ammar alikuwa mtu wa miaka thelathini na mbili hivi, kazaliwa Maskati kwa wazazi wa Kiunguja, na kila mwaka joto la kwao likizidi alikuja kwa jamaa zake Kiembe Samaki. Miaka miwili nyuma alimnunulia mama yake kasha kwa Thuwaini, kwa hiyo alikuwa mgeni wa kuletewa kiti. Siku hiyo kiti hakukitazama. Alipiga magoti vumbini pale mlangoni, na kanzu yake nyeupe.

"Sheikh Thuwaini," alisema, "hii mnaikanyaga?"

"Hatuikanyagi. Tunaizuilia mlango."

"Mimi nlikuwa nayo kama hii. Wakati huo nna miaka kumi na tatu. Mama aliigawa nlipokwenda chuo kikuu, na mpaka leo sijamsamehe." Akaifuta vumbi kwa mkono wa kanzu. "Siku hizi nnazikusanya. Nnazo sita, lakini hii sina. Inafanya kazi?"

"Inafanya!" alijibu Thuwaini, ambaye hata pa kuiwashia hakupajua.

"Basi nnaitaka. Lakini nnaitaka kamili: na adapta yake, na redio ya kusomea kaseti, na kijiti cha kuchezea. Na nnaitaka nyeupe, kama siku ilotoka kiwandani. Nnakwenda Nungwi na jamaa, ntarudi baada ya wiki mbili."

Akaondoka. Thuwaini akafunga duka kabla ya adhuhuri na kuja mbio Mchangani.

"Yakhe," aliniambia, "miaka thelathini nnavizeesha vipya. Leo mtu ananambia nkifanye kizee kiwe kipya! Nnaanzia wapi?"

"Kwa mkeo," nikamwambia.

Sikuwa namfanyia mzaha. Mkewe, Bi Muzna, alikuwa na saluni ya maharusi ghorofa ya kwanza ya nyumba yao, Mkunazini, na mimi nilishamtengenezea mashine za kukaushia nywele mara nyingi. Nilizijua krimu zake. Krimu ya kung'arishia nywele ikiangukia zulia jekundu linakuwa jeupe. Nikasema, kama inaweza zulia, itaweza na hii.

Tukalivua gamba lile la plastiki, tukalipaka krimu ya Bi Muzna, tukalifunga kwa nailoni na kuliweka juu ya paa la nyumba, juani. Siku ya kwanza hatukuona kitu. Siku ya pili Thuwaini alipanda mara nne kulitazama. Siku ya tatu liliteremka jeupe kama kanzu ya Idi, na Thuwaini alilishika kwa mikono miwili, akaligeuzageuza. Nafikiri ilimuuma kidogo kuona mambo yanaweza kwenda na upande ule.

Wakati gamba linaota jua, mimi nilishughulika na matumbo. Adapta ilikuwa imeungua, nikatengeneza nyingine kwa transfoma ya redio ya zamani. Redio kaseti nilikuwa nayo, nikaisafisha kichwa kwa spiriti na kuizungusha skrubu yake kidogo kidogo, maana kaseti za kompyuta zina kiburi, kichwa kikipinda unywele mmoja hazisomeki. Kijiti cha kuchezea hakikuwamo sandukuni. Kwa hicho seremala wa Thuwaini alinichongea mpini wa mpingo, mimi nikakata vipande vya bati la maziwa ya unga kuwa swichi, na kitako tukakifanya cha mninga. Kilikuwa kizuri kuliko cha kiwandani, na kizito, ungeweza kumpigia mwizi.

Ilibaki kujaribu. Televisheni iliyokubali waya ule ilikuwa moja tu, ile ya rangi iliyokuwa saluni kwa Bi Muzna. Basi nikaipandisha kompyuta, uchi vile vile bila gamba lake, nikaiweka juu ya sinia katikati ya vitana na chupa za mafuta ya nywele.

Kaseti ya kwanza ilipoanza kusoma, ilitoa sauti kama mbuzi aliyefungiwa ndani ya pipa la bati. Mteja aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia aliruka akisoma audhubillahi. Dakika saba zikapita. Bi Muzna alikuwa amesimama nyuma yangu na mikono kiunoni.

"Ndo hii? Mtu anatoka Maskati kwa kelele hizi?"

Kioo kikawaka. Akatokea paka wa manjano juu ya paa la bluu. Ulikuwa mchezo rahisi: paka anakimbia juu ya mapaa, anaokota samaki, anaruka vichochoro, na mbwa wanamsubiri chini. Kila paa likiisha linakuja refu na bovu zaidi. Mimi nilimtumbukiza kwa mbwa palepale mwanzoni.

"Hebu lete," alisema Bi Muzna. "Paka gani anaruka namna hiyo?"

Nilimwachia kijiti saa nne asubuhi. Nilipopita alasiri kuchukua bisibisi yangu, alikuwa bado amekishika, kafika paa la nne, na wali ulikuwa umeungua mpaka ngazini unanuka.

Siku zilizofuata mtu wa kumwona alikuwa yeye. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mwenye heshima zake, anayejua kumpamba bibi harusi mpaka mamake asimjue, alikuwa anamkemea paka wa manjano: "Ruka, mwanaharamu! Si sasa! Sasa!" Kulikuwa na bibi harusi mmoja, Yusra, aliyekaa kitini na mkono mmoja umechorwa maua ya piko na wa pili mtupu.

"Bi Muzna," alisema kwa adabu, "mkono wangu."

"Subiri, mwanangu. Avuke uchochoro huu."

"Harusi yangu kesho."

"Na mimi nshafika paa la sita."

Yusra aliingia ukumbini na mkono wa kushoto wenye maua mpaka kiwikoni, wa kulia una tawi moja tu, na Bi Muzna aliwaambia watu kuwa ni mtindo mpya wa Dubai. Wiki iliyofuata wateja wawili wakautaka.

Thuwaini hakuyajua haya. Kutwa alikuwa dukani akiitunga hadithi ya kompyuta, kwa mazoea tu. Gamba tulilirudisha, ikawa kamili, akaifunika kwa kitambaa cha hariri pale pale saluni, na kumwonya mkewe asiiguse. Ilibaki siku mbili Ammar arudi. Jioni hiyo Bi Muzna akaniita, akanitilia kahawa, akaniwekea na halua. Nikajua naombwa kitu.

"Kaka Ubwa, hebu iharibu kidogo."

"Bi Muzna! Mimi fundi. Mkono wangu hauharibu."

"Nimo paa la saba na sijalivuka. Siwezi kuiacha iende na mimi nimo paa la saba."

"Mwambie mumeo."

"Mume wangu keshaiuza moyoni. Wewe humjui?" Akafikiri, akizungusha kikombe. "Huyo Ammar anaitaka nyeupe, sivyo? Akiikuta si nyeupe?"

Nikaelewa, nikatia halua mdomoni ili nisiseme. Naye hakuhitaji kufundishwa, maana miaka yote ile chai ya makasha aliichemsha nani? Yeye, kwenye sufuria lile kubwa la pilau.

"Haya," nikasema.

Jumamosi asubuhi Ammar akaja, kaungua jua la Nungwi, na boksi jipya la kuipakia mkononi. Thuwaini alinitaka niwepo ili nieleze mambo ya waya. Tukapanda saluni, Bi Muzna akatukaribisha kwa sauti laini ambayo mimi nilikuwa sijapata kuisikia. Ammar akamwamkia, "Shikamoo, Bi Muzna," naye akajibu, "Marahaba, mwanangu, karibu," akateremsha macho.

Thuwaini akasimama mbele ya meza kama mtu anayefungua jengo la serikali. "Sheikh Ammar, nimefanya kazi ambayo sijaifanya maishani. Bismillahi." Akavuta hariri.

Kompyuta ilikuwa na rangi ya andazi. Tena si rangi moja: kuna mabaka ya kahawia, michirizi imeteremka kwenye vibonyezo, na pembeni kuna weusi wa moshi. Thuwaini aliachama. Ammar aliweka boksi lake chini. Aliinama polepole mpaka pua ikakaribia kugusa herufi, akavuta pumzi.

"Chai," alisema.

"Chai?" Thuwaini naye akainama, akapitisha kidole gumba juu ya gamba, akakisugua na kukinusa. Na hapo ufundi ukamshinda akili. "Muzna! Plastiki haipakwi chai hivi hivi! Haishiki! Hebu ona ilivofanya mabaka! Ungepitisha msasa kwanza, tena ukatia kahawa na gundi kido..."

Akanyamaza, lakini alishachelewa. Ammar alikuwa ameinua uso na kumtazama.

"Na kwenye mbao," aliuliza taratibu, "inashika?"

Niliangalia nje dirishani. Palikuwa hapana kitu cha kuangalia ila ukuta wa jirani, nikauangalia.

"Harufu hii nnaijua," Ammar aliendelea. "Iko nyumbani kwetu. Mama yangu kila Ijumaa analifungua lile kasha ulilonuzia. Anatia kichwa ndani, anavuta pumzi, ananambia, 'Mwanangu, hii ndo harufu ya nyumba ya bibi yangu, Malindi.' Ananusa chai yako, Sheikh Thuwaini! Mama yangu alitoka hapa mwaka wa sitini na nne na nguo alizovaa. Hana kitu cha kwao hata kimoja. Nlimtafutia kitu kimoja."

Sauti yake ilikuwa haikupanda, na hilo lilikuwa baya zaidi. Thuwaini alikaa kwenye kiti cha maharusi, chini ya mashine ya kukaushia, akawa mdogo. Nimemjua miaka arobaini, na sijapata kumwona amekosa hadithi. Siku ile aliikosa.

"Chai ya hapa nimepaka mimi," alisema Bi Muzna. "Na ya kwenye kasha lako nimechemsha mimi pia. Mume wangu alipaka tu. Mgombeze yeye, halafu nigombeze mimi."

"Wewe hii umeipaka kwa nini? Mumeo anauza, wewe unaharibu?"

Bi Muzna alikuwa tayari kwa kila swali ila hilo. Akashika pembe ya mtandio wake. "Nimo paa la saba," alisema kwa sauti ndogo.

Uso wa Ammar ulibadilika. "La saba? Lenye vichochoro viwili vimefuatana?"

"Hilo hilo! Nkiruka cha kwanza, cha pili kinanimeza."

"Peke yako umefika la saba? Kwa siku ngapi?"

"Tisa."

"Mimi ilinichukua likizo nzima," alisema Ammar, na hasira zake zikawa kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichokifuata. Akaangalia kijiti cha mpingo, akakipima uzito, akaniuliza nani kakitengeneza. Nikajinyooshea kidole. Akaomba iwashwe.

Tulingoja zile dakika saba, watu wanne tumekodolea kioo, mbuzi analia ndani ya pipa. Kisha Bi Muzna akacheza. Alivuka la kwanza mpaka la sita hata kope hakupepesa, na Ammar kasimama nyuma ya kiti, midomo inamchezacheza. Paa la saba lilipoanza alishindwa kujizuia.

"Usiruke mapema. Ngoja. Mwache afike ukingoni kabisa, mguu mmoja uwe hewani."

"Ataanguka!"

"Haanguki. Ngoja... ngoja... ruka! Tena!"

Paka alivuka vyote viwili. Bi Muzna alipiga ukelele uliofika Darajani, na Thuwaini akaruka kitini, mashine ya kukaushia ikamgonga kichwani.

Paa la nane lilikuwa la kijani. Bi Muzna hakulicheza. Alikiweka kijiti chini, akainuka, akaenda chumbani kwake, na tukasikia funguo. Aliporudi alisimama mlangoni.

"Sheikh Ammar, njoo. Na wewe fundi, njoo, utanyanyua upande mmoja."

Chumbani, chini ya dirisha, palikuwa na kasha. Lilikuwa la bibi yake mzaa mama, la mbao za msaji, njumu zake za shaba zimelika kwa kufutwa na mikono ya wanawake wanne mmoja baada ya mwingine. Bi Muzna alikuwa ameshazitoa kanga zake na kuzirundika kitandani. Thuwaini alikuwa akilitaka kasha lile kwa miaka ishirini na mbili, tangu Bi Muzna alipoolewa nalo. Alishabembeleza, alishanuna, na mwaka mmoja alimletea mtu wa makumbusho alipime. Bi Muzna alikuwa akilala na ufunguo kiunoni.

"Hili halijapata kuona chai," alisema. "Mpelekee mamako. Lile la uongo nisamehe, na hiyo kompyuta niachie."

"Muzna!" Thuwaini alishika kizingiti. "Kasha la bibi yako! Kwa paka?"

"Langu. Ningelikuwa nnakupa wewe ungelipaka chai."

Ammar alifungua kifuniko, akapapasa mbao za ndani, akakifunga. Nilidhani atakataa kwa adabu, kama inavyotakiwa, mara mbili, ndipo akubali. Alikubali mara ya kwanza. Akamwambia Thuwaini, "Sheikh, kesho nnahitaji mtu wa kulipeleka bandarini. Bila hadithi." Thuwaini akalibeba yeye mwenyewe na hamali, na waliokutana nao njiani wanasema alikuwa akilisemesha.

Baada ya miezi miwili simu ikalia pale saluni. Alikuwa mama yake Ammar, kutoka Maskati, Kiswahili chake safi kama cha redio ya zamani. Alimshukuru sana Bi Muzna, akamwombea dua ndefu. Halafu akasema jambo moja linamsumbua, asije akaonekana hana shukrani: kasha hili jipya ni zuri, lakini halinuki kitu. Lile la kwanza ndilo la kweli. Bi Muzna alifunika simu kwa kiganja, akajiinamia akicheka mpaka mabega yakatikisika, kisha akajibu, "Basi bakia nayo yote mawili, mama. Uzee una njia nyingi."

Kompyuta ilibaki Mkunazini. Krimu tulijaribu kuirudia, ile michirizi ikakataa kutoka, na Bi Muzna akasema hajali, yeye haiangalii kompyuta, anaangalia kioo. Ammar aliporudi mwaka uliofuata alileta kaseti nyingine na kijiti cha pili, cha kiwandani, chepesi kama kijiko cha plastiki, ili waweze kucheza watu wawili.

Thuwaini alijizuia muda mrefu. Alipita pale saluni akijifanya anatafuta mkasi, akasimama, akaondoka. Siku moja, baada ya sala ya alasiri, mimi nikiwa nabadilisha waya wa feni, aliingia akakaa.

"Bibie," alisema, "nipe na mimi zamu."

Bi Muzna akampa kijiti cha plastiki. Alianguka paa la kwanza, uchochoro wa kwanza. Akasema kijiti kibovu. Akapewa cha mpingo, akaanguka palepale. Akasema mchezo huu hauna adabu, paka wa kweli angekataa. Mara ya tano alivuka, akainua mikono juu akitutazama, na wakati anatutazama mbwa wakamla.

"Zamu imekwisha," alisema Bi Muzna, na kumpokonya. "Ondoka kitini, wapo wanaongoja."

Tulikuwa wawili: mimi, na wifi yake, Bi Sichana, aliyepita mara moja kuazima chujio. Bi Sichana aliweka chujio chini, akavuta kiti.